Soko la Pirna: tablo la Bernardo Bellotto na maneno yake

Mtu akitazama tablo hili mara ya kwanza, pengine atasema: hapa hakuna neno kubwa. Haoni mtakatifu, wala vita, wala mfalme juu ya farasi wake. Ni uwanja wa soko tu, katika mji mdogo wa Saksonia, pande za mashariki ya Ujerumani, kando ya mto Elbe. Nyumba zimeuzunguka uwanja. Ndani ya uwanja imesimama peke yake nyumba ya wakubwa wa mji, ile ambayo Wadachi huiita Rathaus. Nyuma ya nyumba hizo kanisa linainua paa lake kubwa mno, na juu zaidi, kilimani, ngome ya Sonnenstein inautazama mji wote. Chini watu ni wadogo sana. Wamesimama vikundi-vikundi, wanaongea na kufanya biashara yao. Jua linatoka ubavuni, na vivuli vya nyumba vimelala juu ya mawe ya uwanja.

Mji huo ni Pirna, na mchoraji ni Bernardo Bellotto. Alilifanya tablo lake kwa rangi za mafuta karibu mwaka 1753 au 1754. Tangu siku zile limetumika kazi nyingi ambazo mwenyewe hakuzifikiri: limesifiwa, limenakiliwa, limeibiwa jina, limepelekwa mbele ya tribinali. Twataka kuyaeleza mambo hayo kwa utaratibu, maana ndani yake mna neno ambalo vijana wanaosoma historia wafaa kulijua mapema: picha iliyo kamili sana katika habari za mawe yaweza kuwa bubu katika habari za watu.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Bellotto alizaliwa Venezia mwaka 1721 au 1722. Mama yake alikuwa dada wa Giovanni Antonio Canal, yule mchoraji wa miji aliyejulikana po pote Ulaya kwa jina la Canaletto. Kijana alijifunza kazi kwa mjomba wake, akaijua vema hata watu walishindwa kutofautisha mkono wa mmoja na wa mwingine. Alipoondoka Italia alichukua jina la mjomba vile vile, akajiita Canaletto. Wengine wamemlaumu kwa neno hilo. Sisi hatuoni hila kubwa: fundi aliyefundishwa na mzee wake hubeba jina la nyumba ile, hasa akienda kutafuta kazi mahali asipojulikana. Lakini hapo ndipo mchanganyiko wa kwanza ulipoanza, na katika habari hii michanganyiko ni mingi.

Mwaka 1747 alifika Dresden, mji mkubwa wa Saksonia. Mtawala wa nchi alikuwa na taji mbili: huko Saksonia aliitwa Friedrich August II, na huko Poloni aliitwa Mfalme August III. Baba yake alikuwa ameingia Kanisa Katoliki mwaka 1697 ili apate ufalme wa Poloni, na mwana akamfuata. Raia zao wa Saksonia walibaki Waluteri. Kwa hiyo katika nchi ile mfalme alisali kwa namna moja na watu wake kwa namna nyingine. Huyo August alipenda matablo kupita kiasi. Mwaka 1748 alimweka Bellotto awe mchoraji wa nyumba ya mfalme, kwa mshahara wa thaler 1,750 kila mwaka. Thaler ilikuwa sarafu ya fedha ya nchi zile, na mshahara huo ulikuwa mkubwa kupita wa wachoraji wengine wa mfalme. Kazi yake ilikuwa kuchora miji ya bwana wake. Alichora Dresden kwanza, kisha akashika njia ya kupanda mto mpaka Pirna. Katika miaka michache akamfanyia mfalme matablo 11 ya Pirna, na hili la soko ni mojawapo. Upana wake wapita metri mbili, nalo liko Dresden hata sasa, katika muze ya matablo ya kale.

Aliwezaje kuweka kila dirisha mahali pake? Wachoraji wa miji wa karne ile walikuwa na chombo walichokiita kwa Kilatini camera obscura, maana yake chumba cha giza. Ni sanduku lililofungwa pande zote ili mwanga usiingie, ila kwa tundu moja lenye kioo kilichokatwa kama kioo cha miwani. Mwanga wa nyumba zilizo mbele hupita katika kioo kile, na picha yake huanguka ndani. Kwa desturi huanguka kichwa chini, miguu juu; wakaweka kioo cha kujitazamia kilicholala mshazari ili kuisimamisha. Basi fundi huweka karatasi pale picha inapoanguka, akafuata mistari kwa kalamu. Msomaji aliyewahi kuona chombo cha kupiga foto cha zamani ataelewa mara moja, maana foto ilizaliwa katika sanduku hilo hilo: karibu miaka 80 baada ya tablo letu watu walivumbua dawa za kuishika picha ile bila mkono wa mtu.

Hata hivyo tusidanganyike. Wako wanaosema, “Ah, basi kazi yake ilikuwa kufuata mistari tu.” Hao hawajapata kujaribu. Sanduku haliwezi kuona uwanja mzima mara moja. Pembeni mistari hupinda. Mchoraji sharti aligeuze huku na huku, achore karatasi kadhaa, kisha aziunganishe kwa hesabu ya perspektivu. Halafu sharti akuze mchoro mdogo mpaka ufikie kipimo cha turubai, kwa kupiga mistari ya miraba na kuhamisha kila mraba mahali pake. Baada ya hayo ndipo rangi zinaanza. Rangi ilikuwa unga uliosagwa na mafuta ya kitani. Haikauki upesi, na ndiyo faida yake, maana mchoraji aweza kupaka tabaka nyembamba juu ya tabaka nyingine mpaka ukuta wa kale uonekane umelowa mvua za miaka mingi. Katika jambo hilo Bellotto alimpita mjomba wake, kadiri ya maoni yetu. Nyumba za Canaletto zacheka katika jua la bahari. Nyumba za Bellotto ni nzito, mwanga wake ni wa baridi, na lipu imebanduka pale ilipobanduka kweli.

Lakini watu wa sokoni? Hapo sanduku halikusaidia kitu. Nyumba husubiri, mtu hasubiri. Mwanamke mwenye kikapu husimama kidogo, akapata mnunuzi, akaenda zake. Kwa hiyo watu tunaowaona uwanjani waliwekwa na mchoraji kwa akili yake, pale palipofaa, ili macho ya mtazamaji yasipotee katika uwanja mtupu. Nyumba tunaweza kuzipima hata leo na kuzikuta zilezile; watu wamepangwa. Ukitaka kujua siku ile walikuja wangapi, na nani aliuza nini kwa bei gani, usiliulize tablo hili.

Nyumba zenyewe, tumesema, zapimika. Iko nyumba moja ya mwaka 1520 kando ya uwanja, yenye ncha ya paa iliyopanda kama ngazi. Watu wa Pirna waiita siku hizi Canalettohaus, yaani nyumba ya Canaletto. Mtu akiambiwa jina hilo atafikiri mchoraji alilala humo. La, jina limetoka katika tablo: nyumba inajulikana kwa sababu imeonekana pale. Na kanisa lile lenye paa kubwa ni la Bikira Maria, lililojengwa tangu 1502 hata 1546. Lilianzwa na Wakatoliki na kumalizwa na Waluteri, kwa kuwa mji uligeuka mwaka 1539. Hapa wanafunzi wa historia ya Kanisa watashtuka kidogo: Pirna ndio mji aliozaliwa Johann Tetzel, yule Mdominiko ambaye mahubiri yake ya rehema yalimchokoza Luther mwaka 1517. Mji mdogo, soko dogo. Kumbe pale alitoka mtoto ambaye jina lake lasomwa katika kila seminari.

Turudi kwenye fedha, kwa maana tablo la soko lina soko lake pia. Mfalme alikuwa na waziri mkuu, Heinrich von Brühl. Huyo alitaka kuwa na kila kitu ambacho bwana wake anacho. Akamwagiza Bellotto amfanyie matablo yale yale, kwa vipimo vile vile. Fundi akatii. Alimfanyia 21, na bei ilikuwa thaler 200 kwa kila moja, jumla 4,200. Brühl hakulipa. Alikufa mwezi wa Oktoba 1763, siku chache tu baada ya mfalme wake, na Bellotto alipowadai warithi hawakumlipa nao. Kisha matablo ya Brühl yaliuzwa pamoja na mali yake nyingine kwa Ekaterina II, malkia wa Urusi. Hivyo matablo ambayo mkono uliyoyafanya haukulipwa yakamletea mwingine fedha, na mengine yako Urusi hata siku hizi. Maandiko yanasema wazi juu ya mshahara wa mfanyakazi uliozuiliwa, hatuna haja ya kuongeza.

Tuongeze jambo hili tu, kwa sababu litatusaidia mbele: kwa agizo la Brühl na la wanunuzi wengine, soko la Pirna halikubaki tablo moja. Liko la mfalme, kubwa. Liko la waziri, kubwa vile vile. Yako mengine madogo, ambayo Bellotto mwenyewe aliyafanya kwa wanunuzi wasio wafalme. Halafu, kwa kuwa yalipendwa, wachoraji wengine waliyanakili. Uwanja ule ule, paa lile lile, kivuli kile kile.

Pirna yenyewe haikukaa katika amani ya tablo lake. Mwaka 1756, mwisho wa Agosti, Friedrich II wa Prusia aliingia Saksonia bila kutangaza vita. Jeshi la Saksonia, askari wapatao 18,000, lilikimbilia vilimani kati ya Pirna na ngome ya Königstein, likazungukwa. Njaa ikawashika. Mwezi wa Oktoba walisalimu amri, na Friedrich akawalazimisha askari wenyewe waingie katika jeshi lake. Wengi walitoroka baadaye, wala hatushangai. Mfalme August alikimbilia Warszawa. Bellotto alikuwa ameagizwa matablo matano ya Königstein. Hayakufika kwa mfalme kamwe, na moja limenunuliwa mwaka 2017 na muze kubwa ya London. Mwaka 1760 mizinga ya Prusia iliipiga Dresden, na nyumba ya Bellotto ikaharibiwa, yeye akiwa mbali, huko Wien, akitafuta kazi. Aliporudi alichora magofu. Mwaka 1765 alichora mnara wa kanisa la Msalaba uliokuwa umebomoka, mawe yameporomoka kama mlima na mafundi wamepanda juu yake. Ni sanduku lile lile, na utaratibu ni ule ule. Ila hapa hakuna soko.

Baada ya kufa mfalme hakuwa tena mchoraji wa nyumba ya mfalme. Akapewa kazi ya kufundisha perspektivu katika shule ya wachoraji, kwa thaler 600. Mwaka 1767 akafunga safari kwenda Urusi. Lakini alipopita Warszawa mfalme mpya wa Poloni, Stanisław August, alimzuia, akampa kazi. Huko alikaa mpaka kufa kwake mwaka 1780, akazikwa katika kanisa la Wakapusini. Matablo aliyofanya ya Warszawa yamepata sifa ya namna ya peke yake. Mwaka 1944 askari wa Hitler waliubomoa mji ule mtaa kwa mtaa, na baada ya vita Wapoloni walipoujenga tena mafundi walitumia matablo ya Bellotto pamoja na ramani na michoro mingine. Miaka 160 na zaidi baada ya kufa kwake, mtu wa Venezia akawa shahidi wa mji uliouawa. Jambo hilo limesimuliwa mara nyingi, hatutalirefusha. Tuseme tu kwamba mafundi waligundua kwamba shahidi wao hakuwa mwaminifu po pote: pengine alikuwa ameipamba nyumba kuliko ilivyokuwa. Palipokosekana ushuhuda mwingine, pambo lake likajengwa kwa mawe.

Tupande sasa kilimani, penye ngome ya Sonnenstein. Katika tablo ni kuta tu, juu ya mapaa, nyuma. Mtazamaji haikazii macho. Mwaka 1811 serikali ya Saksonia iliigeuza hospitali ya wagonjwa wa akili, na hospitali hiyo ikasifiwa katika Ulaya kwa kuwa iliwatendea wagonjwa kama watu wanaoweza kupona, wakati mahali pengi walifungwa minyororo. Kazi ile njema ilidumu muda mrefu. Lakini tangu Juni 1940 hata Agosti 1941 watawala wa Hitler waliifanya Sonnenstein kuwa mojawapo ya nyumba sita za kuua wagonjwa na vilema. Waliletwa kwa magari, wakaingizwa katika chumba chini ya ardhi kwa kisingizio cha kuoga, wakauawa kwa hewa ya sumu. Waliouawa ni 13,720, na tena wafungwa zaidi ya 1,000 waliotolewa katika kambi. Mahali pale ni palepale mchoraji alipopaka rangi ya kuta kwa uangalifu.

Wakristo hawakunyamaza wote. Tarehe 3 Agosti 1941 askofu wa Münster, Clemens August von Galen, alisimama katika mahubiri akasema waziwazi kwamba ni kuua, akauliza ni nani atakayesalimika kama mtu aweza kuuawa kwa sababu hafanyi kazi tena. Maneno yake yalinakiliwa kwa siri na kupita mkono kwa mkono. Mwisho wa mwezi ule ule Hitler aliamuru kazi ya nyumba zile sita isimamishwe, ingawa wagonjwa waliendelea kuuawa kwa siri mahali pengine, kwa njaa na kwa dawa. Tangu mwaka 2000 pana nyumba ya ukumbusho huko Sonnenstein. Mtu anayeliangalia soko katika tablo, akijua hayo, hawezi kuyapita tena macho yake juu ya kilima kama zamani. Rangi haikubadilika hata tone moja. Aliyebadilika ni mtazamaji, na ni haki abadilike.

Miaka ile ile mtu mmoja aliitwa Max Emden. Alikuwa tajiri wa Hamburg, mwenye maduka makubwa, wa ukoo wa Kiyahudi, na alikuwa amehamia Uswisi kabla Hitler hajatawala. Alikuwa na matablo matatu ya Bellotto, na moja lilikuwa soko la Pirna, lile dogo, ambalo upana wake haufiki metri moja. Mali yake iliyobaki Ujerumani ikabanwa na watawala hata asiweze kuitumia. Mwaka 1938 aliyauza matablo yake matatu, na kwa mikono ya wafanya biashara yakaingia katika akiba ya muze kubwa ambayo Hitler alitaka kuijenga mjini Linz. Emden akafa mwaka 1940. Mwanawe alikimbilia Chile.

Vita ilipokwisha, Wamarekani walikuta maelfu ya matablo katika migodi na maghala ya Ujerumani, wakaweka maofisa wa kuyarudisha katika nchi yalikotoka. Kazi yao ilikuwa nzuri na ngumu. Uholanzi nayo ilidai soko la Pirna. Haikusema uongo: lilikuwako kweli soko la Pirna lililotoka Amsterdam, ila lilikuwa nakala iliyofanywa na mtu mwingine kwa kumfuata Bellotto. Maofisa wakatazama: uwanja ule ule, paa lile lile, kivuli kile kile. Mwaka 1946 wakapeleka Uholanzi tablo la Emden. Waholanzi wakampa mtu aliyedai nakala, mwuza matablo jina lake Hugo Moser. Mwaka 1949 maofisa waligundua kosa, wakaliomba tablo. Lilikuwa limekwisha toka. Mwaka 1952 Moser alimwuzia Samuel Kress, tajiri wa Marekani, na mwaka 1961 mali ya Kress ilitoa zawadi kwa muze ya Houston, katika Texas. Hadi sasa liko huko.

Hapo neno tulilotaja mwanzo linaonekana wazi. Ukamilifu wa Bellotto ndio uliowasaidia mafundi wa Warszawa, na ukamilifu huo huo ndio uliowapoteza maofisa. Kama angechora vibaya, kila tablo lingekuwa na uso wake. Yeye alirudia bila kukosea, wanakili nao wakarudia kumfuata, na palipohitajika kujua hili ni la nani, soko lenyewe halikuwa na jibu. Jibu lilikuwa katika karatasi: barua, hati za kuuza, foto za zamani, alama nyuma ya turubai.

Warithi wa Emden walidai. Katika Ujerumani palikuwa na baraza la kushauri juu ya mali iliyonyang'anywa wakati wa Hitler, nalo mwaka 2019 lilisema kwamba yale matablo mawili mengine, yaliyokuwa mikononi mwa serikali ya Ujerumani, yarudishwe kwa warithi, kwa kuwa Emden hakuyauza kwa hiari bali kwa kubanwa na mateso ya watawala. Muze ya Houston ilisema vingine: Emden alikuwa Uswisi, aliuza mwenyewe, akapokea bei. Basi tendo moja la mwaka 1938, mtu mmoja, mnunuzi mmoja, na hukumu mbili zinazopingana. Warithi wakaenda tribinali huko Texas. Mwaka 2022 walishindwa, na mwaka 2024 tribinali ya rufani ilithibitisha.

Lakini msomaji asikilize vizuri sababu, maana ni ya ajabu kwa mtu asiyezoea sheria. Waamuzi hawakusema kwamba Emden aliuza kwa hiari. Hawakusema pia kwamba alilazimishwa. Walisema kwamba serikali ya Uholanzi ndiyo iliyompa Moser tablo, na kwamba tribinali ya Marekani haina ruhusa kutangua tendo la serikali ya kigeni lililofanywa katika nchi yake, hata kama tendo lile lilikuwa kosa. Wenye sheria watatuambia kwamba kanuni hiyo ina faida yake, kwa sababu bila hiyo kila tribinali ingetaka kuhukumu dunia nzima. Twakubali. Hata hivyo twaona ugumu: kosa la ofisi, lililokwisha kutambulika mwaka 1949 na wale waliolifanya, limepata nguvu kama ya haki kwa kuwa lilipigwa muhuri wa serikali. Kanuni imehifadhiwa; swali la 1938 halijajibiwa mbele ya waamuzi wale.

Kuhusu Pirna, baada ya 1945 mji ulikuwa chini ya serikali ya Wakomunisti, na nyumba nyingi za kale ziliachwa zikachakaa, mapaa yakavuja. Tangu 1990 zimetengenezwa moja moja. Ukisimama leo kando ya uwanja, pale penye nafasi ya kuiona Rathaus na kanisa pamoja, utaona karibu kila kitu mahali alipokiweka Bellotto: ngazi za paa la nyumba ya 1520, mnara wa kanisa, kuta za juu. Kutoka mtoni mpaka kilimani wamechora misalaba midogo ya rangi chini, njiani, watu wanapopita na vikapu vyao. Hesabu yake ni 14,751, msalaba mmoja kwa kila aliyeuawa.